Soma Neno la Kiingereza Kuanzia Mkiani: Mwongozo Kamili wa Viambishi Tamati

Kila Januari, watoto waliosoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza hapa Tanzania na kukuta karibu kila kitabu ni cha Kiingereza. Mwaka haujaisha, wameshakutana na *germination*, *digestion*, *evaporation*, *classification*. Nimefundisha tuisheni ya jioni kwa miaka kadhaa na nimeona wanachofanya: wanakariri. Mwanafunzi anakuandikia maana ya *germination* neno kwa neno kama ilivyo kitabuni, halafu mtihani ukimwuliza *Why did the seeds fail to germinate?* anaganda. Neno ni lilelile, limevua koti tu, lakini yeye halitambui tena.

Koti hilo ndilo kiambishi tamati, yaani kipande kinachobandikwa mwishoni mwa neno, kama -ion ya *germination*. Ukiyajua makoti kama thelathini hivi, kila neno moja unalojifunza litakuletea ndugu zake watatu au wanne bila kukariri.

Kwanza, tuelewe jicho letu linakotazama

Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tumezoea kupata habari za neno mwanzoni. Chukua *lima*: mkulima, kilimo, ukulima. Hata pale mwisho unapobadilika, kama -o ya kilimo au -ji ya msomaji, jicho linashika kwanza kilicho mbele, kwa sababu upatanisho wa sentensi unatokea huko: mkulima analima, kilimo kinalipa.

Kiingereza kimegeuza mambo. Tazama *teach*, *teacher*, *teaching*, *teachable*. Mbele hakuna kilichobadilika hata kidogo, habari zote ziko mkiani. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kukaza macho mwanzoni anaona maneno manne yanayofanana na kuyachanganya. Kwa hiyo mazoezi ya kwanza ni ya macho: ukikutana na neno refu la Kiingereza, anza kulitazama nyuma.

Hatua ya 1: Menya, kisha uliza kama kilichobaki kina undugu na neno zima

Chukua *carelessness*. Ondoa -ness, inabaki *careless*. Ondoa -less, inabaki *care*, yaani kujali. Sasa rudi ukijenga: *care* kujali, *careless* asiyejali, mzembe, *carelessness* uzembe. Hukuhitaji kamusi.

Lakini si kila mkia ni kiambishi. *Corner* ni kona; ukiondoa -er inabaki *corn*, nafaka, na kona haina uhusiano wowote na nafaka. *Finger*, *family*, *king* na *table* nayo yameishia hivyo kwa asili yake tu. Kipimo ni hiki: kilichobaki kiwe neno lenye maana, na maana hiyo iwe ndugu wa neno zima. Kumbuka pia kwamba shina linaweza kuwa limekatwa kidogo: *happi-* ni *happy*, *decis-* ni *decide*.

Hatua ya 2: Tambua aina ya neno

Kazi kubwa ya kiambishi tamati ni kukuambia kama neno ni nomino, kitenzi, kivumishi au kielezi, na kwa hiyo likae wapi katika sentensi. Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni *I want to success*. Baada ya *to* ya namna hiyo panatakiwa kitenzi, nacho ni *succeed*. *Success* ni nomino, mafanikio. *Successful* ni kivumishi, aliyefanikiwa. *Successfully* ni kielezi, kwa mafanikio. Ni ukoo mmoja wenye viti vinne, na kila mmoja anakaa kwenye kiti chake. Anayesema *I am success* amemkalisha nomino kwenye kiti cha kivumishi.

Sasa tuingie kwenye koo zenyewe. Nazipanga kwa kulinganisha na Kiswahili, maana kazi hizi nyingi tayari unazijua.

Mtenda na mtendwa: -er, -or, -ee

-er na -or hufanya kazi ya m- yetu: *teach* humzaa *teacher*, *farm* humzaa *farmer*, *act* humzaa *actor*. Kitenzi kikiishia kwa -ct au -ate mara nyingi huchukua -or: *director*, *inspector*, *translator*. Vingine vingi ni -er.

Viambishi hivi viko kinywani mwako kila siku. Dereva, meneja, inspekta, trekta, jenereta, kompyuta, printa: ile -a ya mwisho katika kila neno hapa ni -er au -or ya Kiingereza iliyovaa sauti ya Kiswahili. Hata sweta imo. *Sweat* ni jasho, na *sweater* kwa asili ni kitu cha kutoa jasho.

Orodha hiyo inaonyesha jambo lingine: -er si ya watu peke yao, ni ya vifaa pia. Hapo ndipo mtego mkubwa ulipo. Mtoto anayetaka kumsifu mama yake huandika *My mother is a good cooker*. *Cooker* ni jiko. Mpishi ni *cook*, bila mkia wowote.

-ee ni mtendwa, na hapa Kiswahili kinakupa msaada mkubwa, kwa sababu tunaonyesha jambo hilohilo kwa ile -w- ya kutendwa:

- *employer* mwajiri, *employee* mwajiriwa
- *examiner* mtahini, *examinee* mtahiniwa
- *payer* mlipaji, *payee* mlipwaji, yule ambaye jina lake huandikwa kwenye hundi

Ukisoma mkataba wa kazi, herufi hizo mbili za mwisho ndizo zinazosema wajibu ni wa nani. Soma polepole. Wachache wametoka kwenye mstari: *refugee* ni mkimbizi na *absentee* ni asiyehudhuria, na wote wawili ni watenda.

-ist na -ian huongeza utaalamu: *scientist*, *journalist*, *electrician*, *musician*.

Ukoo wa u-: -ness, -ity, -ship, -hood, -dom

Pale Kiswahili kinapoweka u- ili kupata jina la hali, Kiingereza kina mikia mitano ya kuchagua. *Kindness* ni wema, *laziness* ni uvivu, *ability* ni uwezo, *citizenship* ni uraia, *leadership* ni uongozi, *childhood* ni utoto, *freedom* ni uhuru. Utajuaje uchague upi? -ship na -hood hufuata majina ya watu na vyeo au hatua zao za maisha: *friend*, *member*, *child*, *mother*. -ness na -ity hufuata vivumishi. Kivumishi kifupi cha kila siku huchukua -ness: *dark*, *sick*, *weak*. Kivumishi kinachoishia -able, -ible, -al, -ive au -ic mara nyingi huchukua -ity: *possibility*, *nationality*, *activity*, *electricity*.

Sababu iko kwenye historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana Kiingereza kina tabaka mbili, kama Kiswahili kilivyo na mizizi ya Kibantu na hazina kubwa ya maneno ya Kiarabu. -ness, -ful, -less, -ship na -hood ni za wenyeji. -ity, -tion, -ment na -able zilikuja na Kifaransa na Kilatini.

Majina ya matendo: -tion, -ment, -al, -ance, -ure

Huku ndiko masomo ya sayansi na barua za ofisini zinakoishi. *Germinate* ni kuota, *germination* ni uotaji. *Evaporate* ni kuvukiza, *evaporation* ni uvukizi. Kitenzi kinachoishia -ate hupoteza e na kupata -ion, karibu bila kukosea. Kinachoishia -de au -mit hugeuka kuwa -sion: *decide* *decision*, *divide* *division*, *permit* *permission*. Kiswahili kimeshayakaribisha maneno kadhaa ya ukoo huu: stesheni, televisheni, operesheni, na tuisheni yenyewe.

Maneno mawili yawekee alama nyekundu. *Explain* hupoteza i na kuwa *explanation*. *Pronounce* hupoteza o na kuwa *pronunciation*. Nimeona hata walimu wakiandika *pronounciation* ubaoni.

-ment mara nyingi hukutana na ma- yetu: *payment* malipo, *agreement* makubaliano, *development* maendeleo, *treatment* matibabu. Mengine ni machache na hujifunzwa njiani: *arrival*, *approval*, *attendance*, *difference*, *failure*. Angalia tu kwamba -al hutengeneza vivumishi pia, kama *national* na *cultural*. Ukimenya ukakuta kitenzi, kama *arrive*, basi neno zima ni nomino; ukikuta nomino, kama *nation*, ni kivumishi.

Kutendeka: -able na -ible

Huu ndio ukoo ninaoupenda kuufundisha, kwa sababu darasa zima hucheka kwa furaha likigundua kwamba linaujua tangu utotoni. Maji yananyweka: *drinkable*. Maandishi yanasomeka: *readable*. Ugonjwa unatibika: *curable*. Kosa linasameheka: *forgivable*. Barabara haipitiki: *impassable*. Ile -ika na -eka yetu ndiyo -able yao, tofauti ni kwamba yetu inabaki kitenzi na yao ni kivumishi, kwa hiyo lazima waweke *is* kabla yake.

-able au -ible? Ukiimenya ikabaki neno kamili la Kiingereza, kwa kawaida ni -able. Ikibaki kipande kisichojitegemea, mara nyingi ni -ible: *visible*, *audible*, *edible*. Hakuna kitenzi *vis* wala *aud*.

Kuwa nacho na kukosa: -ful na -less

*Useful* ni chenye faida, *useless* hakina. *Careful* na *careless* hivyo hivyo. Rahisi, mpaka ufike kwenye mitego. *Priceless* ni kitu cha thamani isiyopimika. Kisicho na thamani ni *worthless*. *Shameful* husemwa zaidi juu ya jambo la aibu, na *shameless* ni mtu asiye na haya. Anayefanya jambo *shameful* bila kujali ndiye *shameless*, kwa hiyo maneno haya si kinyume kama yanavyoonekana.

Vivumishi vingine vipitie haraka: -ous (*dangerous*, *famous*), -y (*dusty*, *salty*), -ive (*active*, *expensive*). -ish ni kidogo-kidogo, *reddish* chenye wekundu kidogo, lakini *childish* ni mtu mzima anayefanya utoto. -al, -ic na -ical mara nyingi ni ki- yetu: *cultural* ya kitamaduni, *scientific* ya kisayansi. *Economic* ni ya kiuchumi, ila *economical* ni yenye kubana matumizi. Gari linaweza kuwa *economical*. Sera huwa *economic*.

Kusababisha: -en, -ify, -ise

Hapa pana -isha yetu. Fupi, fupisha: *short*, *shorten*. Laini, lainisha: *soft*, *soften*. Rahisi, rahisisha: *simple*, *simplify*. Halali, halalisha: *legal*, *legalise*. Maneno mawili yana njia ya kuzunguka: hatusemi *strongen* wala *longen*, tunapitia nomino kwanza, *strength* kisha *strengthen*, *length* kisha *lengthen*.

Wamarekani huandika -ize, Waingereza wengi -ise, na shule zetu hufuata Uingereza. Chagua moja na uishikilie barua nzima. *Advertise*, *advise*, *exercise*, *surprise* na *supervise* huandikwa kwa s pande zote mbili za bahari.

Namna: -ly

*Quick* *quickly*, *careful* *carefully*. Kivumishi kinakuwa kielezi. Sasa sikia mtego unaoweza kukunyima kazi. Mtu anaandika katika barua ya maombi *In my last job I worked hardly*, akikusudia kwamba alijituma. *Hardly* maana yake ni "kwa shida sana, karibu hapana kabisa". Amemwambia mwajiri kwamba hakuwa akifanya kazi. Kielezi cha *hard* ni *hard* yenyewe: *I worked hard*. *Late* na *lately* ni vivyo hivyo, kuchelewa na hivi karibuni. Halafu *friendly*, *lonely* na *costly* ni vivumishi licha ya mkia wao. Usiseme *He spoke friendly*. Sema *in a friendly way*.

-ing na -ed: anayechosha na aliyechoka

*I am boring* ni "mimi ni mtu wa kuchosha". *I am bored* ni "nimechoshwa". -ing ni kinachotenda, -ed ni aliyetendwa. *Interesting* na *interested*, *confusing* na *confused*, *tiring* na *tired*: kanuni ni moja.

Matamshi ya -ed yanahitaji sikio. Sisi huwa tunasoma kila irabu tunayoiona, kwa hiyo *worked* hutoka na silabi mbili. Ni moja tu. Kitenzi kikiishia kwa sauti ya t au d, -ed inakuwa silabi kamili, "id": *wanted*, *needed*. Kikiishia kwa p, k, f, s, sh au ch, inasikika t: *stopped*, *worked*, *washed*. Kwingineko kote ni d: *played*, *opened*, *called*. Weka kidole kooni useme *washed* kisha *played*. Kwenye *played* koo linatetemeka mpaka mwisho. Kwenye *washed* mtetemo unakatika kabla hujamaliza.

Hatua ya 3: Tahajia unapounganisha

E isiyotamkwa hutoka mbele ya irabu na kubaki mbele ya konsonanti: *use*, *usable*, *useful*. Walioasi ni *truly* na *argument*. Baada ya c na g laini, yaani c inayosikika s na g inayosikika j, e hubaki hata mbele ya a au o: *noticeable*, *changeable*, *courageous*.

Y iliyotanguliwa na konsonanti hugeuka i: *happiness*, *reliable*, *beautiful*. Iliyotanguliwa na irabu haigusiki: *enjoyment*, *player*. Mbele ya -ing haigusiki kamwe: *studying*.

Neno la silabi moja linaloishia kwa irabu moja na konsonanti moja huongeza konsonanti ya pili: *stopped*, *running*, *bigger*. Bila hiyo maana hupotea: *hoping* ni kutumaini, *hopping* ni kuruka kwa mguu mmoja. Neno refu huongeza pale tu mkazo ukiwa mwishoni: *beginning*, lakini *visited*. Waingereza wana upendeleo kwa l, huiongeza hata mkazo usipokuwa mwishoni: *travelling*.

Na -ful ina l moja. Ikipata -ly ndipo zinakuwa mbili.

Hatua ya 4: Mkazo

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa -tion na -ic tabia hiyo ni baraka, kwa sababu zinataka hivyohivyo: edu-CA-tion, infor-MA-tion, eco-NO-mic. Wakaidi wapo wachache, kama AR-abic na CA-tholic. -ity husogeza mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho: a-BI-li-ty, elec-TRI-ci-ty.

Mikia ya wenyeji, pamoja na -ment, haisogezi kitu. Neno hubaki na mkazo liliokuwa nao. Sisi hupenda kusema deve-LOP-ment na ma-NAGE-ment. Ni de-VE-lop-ment na MA-nage-ment, kwa sababu vitenzi ni de-VE-lop na MA-nage.

Hatua ya 5: Fuata mnyororo mzima

Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa Tanzania. Weka lugha mbili sambamba. *Nation*, taifa. *National*, ya kitaifa. *Nationalise*, taifisha. *Nationalisation*, utaifishaji. Hatua nne kwa nne. Kiingereza kimerundika vyote nyuma. Kiswahili kimegawa, ki- na u- mbele, -isha na -ji nyuma. Andika minyororo ya namna hii kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila ukoo, safu nne za nomino, kitenzi, kivumishi na kielezi. Safu ikikosa neno iache wazi, usibuni.

Hatua ya 6: Rudisha nomino ziwe vitenzi

Sentensi za namna hii hujaa kwenye fomu: *Failure to complete the registration within the required period will result in automatic cancellation of your application.* Msomaji huhisi amepigwa na ukuta. Menya. *Failure* ni *fail*, kushindwa. *Registration* ni *register*, kusajili. *Cancellation* ni *cancel*, kufuta. *Application* ni *apply*, kuomba, na ile y imegeuka ic. *Required* ni uliotakiwa, *automatic* ni ya yenyewe. Sasa iseme kwa Kiswahili: Usipokamilisha kujisajili ndani ya muda uliotakiwa, ombi lako litajifuta lenyewe.

Umeona kilichotokea? Kiingereza cha ofisini huficha matendo ndani ya nomino, na pamoja nayo humficha mtenda. Kiswahili kinataka kitenzi, na kitenzi kinataka mtenda. Ni nani anayeshindwa kukamilisha? Wewe. Ni ombi la nani litakalofutwa? Lako.

Chukua fomu au barua yoyote ya Kiingereza iliyoko nyumbani kwako leo, ya benki, ya shule, ya mwajiri. Pigia mstari kila neno linaloishia -tion, -ment, -ure, -al na -ance. Pembeni andika kitenzi chake, na mbele ya kitenzi andika ni nani anayekitenda.